Picha ile ya mtoto ukingoni mwa meli

Mhariri,

Picha mliyochapisha Jumapili iliyopita kwenye ukurasa wa safari imeninyima usingizi siku mbili, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Bila shaka mnaikumbuka. Baba kijana, kavaa miwani ya jua, amemkalisha mwanawe juu ya ukingo wa roshani ya kabini, mkono mmoja kiunoni mwa mtoto, mkono wa pili umeinua simu. Nyuma yao ni bahari tu. Chini yake mmeandika "Raha ya familia melini." Na kwa kuwa yule baba alikuwa na simu yake mkononi, picha ile alipigwa na mtu mwingine. Yaani walikuwapo watu wazima wawili mbele ya mtoto yule, ukiongeza na mhariri wa picha wako watatu, na hakuna aliyesema mteremsheni.

Makala yenyewe sina ugomvi nayo. Ni kweli meli za kitalii zinafunga gati Kilindini na Zanzibar, na ni kweli watoto wetu walioko Marekani na Uingereza siku hizi wanazipanda wakati wa likizo na kuwachukua wazee wao. Bei mlizotaja sizibishi, kwa sababu mimi sikuwahi kulipa nauli ya meli hizo. Mimi nililipwa. Nilikuwa stuwadi wa vyumba kwa miaka 19, tangu 1996 hadi magoti yaliponigomea 2015. Asubuhi nikitandika na kusafisha, jioni nikirudi kufunua shuka, kubadilisha taulo na kumkunjia mtoto ndovu wa taulo juu ya kitanda. Vyumba vingi nilivyopewa vilikuwa na roshani. Ukingo ule wa kwenye picha yenu nimeupangusa chumvi kila siku ya Mungu.

Ukingo wenyewe si mbovu. Kanuni ya kimataifa ya zamani ilidai mita moja, na sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa abiria wa meli za kitalii ikapandisha hadi inchi 42 kutoka sakafuni, yaani kama sentimita 107. Mtu mzima aliyesimama kwa miguu yake miwili haanguki pale, hata meli ikiyumba. Mtoto wa miaka mitatu akisimama sakafuni naye haanguki. Ana urefu wa sentimita 95 hivi, ukingo unampita kichwa. Sasa mpe kiti. Kikalio cha kiti cha kawaida kiko sentimita 45 kutoka chini. Akikipanda, ukingo uliobaki ni sentimita 62, haumfiki hata kifuani. Ainame kidogo kutazama povu, kichwa kitangulie. Na kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko mwili wake unavyoweza kukizuia, kila aliyelea anajua hivyo. Fundi aliyejenga ukingo alimhesabu mtu. Kiti hakukihesabu.

Na kiti kile nilikipeleka mimi. Hilo ndilo linalonikera miaka yote hii. Tulifunzwa kuipanga roshani ifanane na kijitabu cha matangazo: viti viwili vinaelekea bahari, vimesogezwa karibu na ukingo ili abiria akikaa aone maji matupu, na meza ndogo katikati. Kila jioni kabla ya jua kuzama nilivivuta viti mbele, nikasugua kioo cha ukingo mpaka kisionekane, nikaenda chumba cha pili. Nilijivunia vioo vyangu. Wenzangu wa Goa na Manila walinitania kwamba ndege wa baharini watakuja kuvunja shingo zao kwa sababu yangu. Lakini mtoto anapokikaribia kioo kile haoni ukuta, anaona bahari imemjia miguuni, na haimtishi.

Machi 2006 meli iitwayo Star Princess ilishika moto usiku ikielekea Jamaika. Moto ulianzia kwenye roshani, ikaaminika chanzo ni kipande cha sigara, ukapanda sitaha hadi sitaha kwa roshani zile zile, na abiria mmoja alikufa. Sisi tuliokuwa kazini wakati ule, hata wa meli za kampuni nyingine, hatukuzungumza jambo jingine kwa wiki nzima. Kanuni za kimataifa zikarekebishwa, na kuanzia Julai 2008 roshani zikaingizwa kwenye masharti ya moto, samani zake pamoja. Kwetu vikaletwa viti vipya vya alumini na kitambaa cha nyavu. Vizuri, haviwaki ovyo. Ila vile vya zamani vilikuwa vizito, hata mimi nikiviinua nilitoa pumzi, na hivi vipya mtoto wa miaka mitatu anakisukuma kwa tumbo lake. Meli nzima ilipekuliwa ili kiti kisishike moto. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kama kiti kinapandika.

Mwaka uliofuata ndipo nilipojua.

Tulikuwa tumeondoka Cozumel, kisiwa cha Mexico, jioni, na kesho yake ilikuwa siku ya bahari tupu, siku ambazo abiria huchelewa kuamka na sisi tunachelewa kumaliza. Chumba kilikuwa sitaha ya tisa. Nikabisha mara tatu kama desturi, nikaita, kimya. Nikafungua. Maji ya bafuni yanamiminika, mama anaoga. Baba, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa amepanda juu kutafuta kahawa. Upepo ukaninyang'anya mlango mkononi, na hapo hapo nikajua mlango wa roshani uko wazi, maana miwili ikiwa wazi kwa pamoja kabini huwa kama bomba la upepo.

Mtoto alikuwa juu ya meza. Si kiti, meza, ile ile niliyoiweka mimi jana yake katikati ya viti. Mikono yote miwili juu ya ukingo, kifua kimelala juu ya mikono, mguu mmoja hauko tena mezani. Kavaa nepi na fulana yenye picha ya mamba.

Nilitaka kupiga kelele, na namshukuru Mungu koo lilikauka. Mtoto ukimpigia kelele hugeuka, na pale hakukuwa na nafasi ya kugeuka. Nilikwenda hatua sita. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Nikamshika fulana kwa mkono huu na nepi kwa mkono huu, nikamvuta kwangu kama unavyovuta ndoo kutoka kisimani, bila kutikisa. Hakulia. Alinionyesha kidole kule chini akaniambia, kwa Kiingereza chake cha kitoto, kwamba kiatu kinaogelea. Kumbe alikuwa ameitupa ndara ya baba yake na amepanda ili aone imefika wapi.

Mama akatoka bafuni amejifunga taulo. Mimi mtu wa Mji wa Kale, nimelelewa na bibi, nikageukia ukutani, na tukakabidhiana mtoto huku natazama mchoro wa ua. Alipoelewa kilichotokea aliketi sakafuni. Akaniomba nisimwambie mumewe. Sikumwambia. Mwisho wa safari niliachiwa bahasha ya bakshishi nene kuliko kawaida, nikaipokea, na sikuweza kununua nayo kitu cha kunifurahisha.

Siku ile ile nikavirudisha nyuma viti vya kila chumba chenye mtoto, migongo ikigusa ukuta wa kabini, na meza nikaziingiza ndani. Siku ya tatu msimamizi akapita na karatasi yake ya ukaguzi, akanikata alama: roshani hazikupangwa kama picha. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, alikuwa mtu mwema, ana watoto wawili kwao. Akasema abiria akiomba viti viondolewe tunaviondoa, asipoomba tunapanga kama picha.

Basi nikaanza kuwafundisha abiria kuomba. Siku ya kwanza, nikijitambulisha, nikiona mtoto au kigari cha mtoto, nilikuwa nauliza: mngependa niwaondolee viti vya nje? Wengine walinishukuru. Wengine walinitazama kama mvivu anayejipunguzia kazi, na mmoja alinijibu kwamba amelipia roshani na viti vyake. Nilimwelewa. Watu huweka akiba muda mrefu kwa ajili ya siku saba zile.

Kuomba ni bure, Mhariri, na hilo makala yenu ingeweza kuwaambia watu badala ya rangi za mapazia. Stuwadi akiambiwa siku ya kwanza, viti na meza vinaondoka kabla mizigo haijafika chumbani. Na si viti peke yake. Sanduku lililoachwa nje kwa kuwa ndani ni padogo, kigoda cha kuwekea miguu, ndoo iliyokuja na vichezeo vya mchangani, chochote kinachomfika mtu mzima gotini ni ngazi ya mtoto. Halafu muulizeni stuwadi komeo la juu liko wapi. Kitasa cha chini cha mlango wa roshani mtoto hukijua kwa siku moja, lakini milango mingi ina komeo la pili huko juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima, na abiria wengi hawalioni mpaka waonyeshwe. Kwenye zoezi la dharura la siku ya kwanza, pale mnapoonyeshwa maboya ya kuvaa na mahali pa kukusanyika, katika meli zote nilizofanya kazi sikusikia neno moja kuhusu roshani. Msisubiri kuambiwa.

Familia zinazosafiri kwa wingi, na sisi watu wa pwani ndio zetu, hupenda kuomba kizigeu kati ya roshani mbili kifunguliwe ili iwe baraza moja ndefu. Nimevifungua vingi. Ni raha, bibi anakunywa chai huku, wajukuu wanakimbia kule. Lakini sasa milango imekuwa miwili na makomeo mawili, na wa huku wanadhani mtoto yuko kule, wa kule wanadhani yuko huku. Mkiomba kizigeu kifunguliwe, kubalianeni kwa maneno, si kwa macho, nani ana mtoto. Na anayekwenda kuoga aseme naenda kuoga.

Mtanijibu kwamba mtoto wa picha yenu hakupanda kitu, alishikwa na baba yake. Najua. Ndiyo hasa iliyonifanya nichukue kalamu.

Julai 2019, meli ikiwa gatini San Juan, Puerto Rico, babu mmoja alimwinua mjukuu wake wa miezi 18 kwenye dirisha la sitaha ya 11 akidhani mbele kuna kioo. Dirisha lilikuwa wazi. Mzee yule alishtakiwa, akakiri kosa mahakamani, na mimi sina la kumwongezea. Nakumbuka tu jinsi nilivyokuwa nasugua vioo hadi visionekane, na ninapomfikiria babu mwenzangu yule siwezi kuapa kwamba macho yangu yasingenidanganya. Kisha Juni 2025, meli ikirudi Florida kutoka Bahamas, msichana wa miaka mitano alikaa ukingoni mwa dirisha akingoja kupigwa picha, akaanguka kinyumenyume baharini. Baba yake akajirusha kumfuata, na mashua ya uokoaji ikawatoa wote wawili wakiwa hai. Hayo hayakutokea kwenye roshani za vyumba. Lakini cha kwanza kilikuwa mkono wa mtu mzima anayempenda mtoto, cha pili kilikuwa picha, na picha yenu ilikuwa na vyote viwili.

Wale wawili wa 2025 wana bahati ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyejua meli. Meli kubwa haina breki. Ikienda kilomita 37 kwa saa, mwendo wa kawaida tu, inakata zaidi ya mita kumi kila sekunde. Upige yowe, ukimbilie simu, ueleze sitaha na ubavu, dakika moja imekwisha na aliyeanguka yuko mita 600 nyuma, kichwa kimoja kwenye maji yenye mawimbi. Ndiyo maana sisi tulifunzwa kwamba anayemwona mtu akianguka asiondoe macho wala asishushe kidole alichomnyooshea, wengine ndio wakimbilie simu na kutupa chochote kinachoelea. Na hayo ni ya mtu mzima anayejua kuogelea. Mtoto wa nepi sitaki hata kumwandika.

Bibi yangu alikuwa na roshani ya mbao, ile ya kizamani yenye matundu ya kuchungulia njiani bila kuonekana. Zimebaki chache Mji wa Kale na nyingine zinaoza. Yeye hakusoma sheria ya nchi yoyote. Alikuwa na amri moja: kigoda hakivuki kizingiti. Ukitaka kukaa roshanini kaa mkekani, na ukitaka kuona zaidi ya matundu yanavyokuonyesha, teremka ngazi uende njiani ukaone. Nilivisukuma viti vya watu miaka 13 kabla ya kumkumbuka bibi.

Binti yangu anaishi Houston, na bandari ya Galveston iko mwendo wa kama saa moja kwa gari. Mwaka jana akanipigia simu kwa furaha, Baba, tumelipia meli, na kwa heshima yako tumechukua chumba chenye roshani. Mjukuu wangu ana miaka mitatu na nusu na hupanda hata jokofu. Nikamwambia mwanangu, rudisha, chukua chumba cha ndani, au chenye dirisha lisilofunguka. Chumba cha ndani ni nafuu, usiku giza lake ni totoro na mtoto hulala mpaka saa tatu asubuhi, na bahari utaiona bure kutoka sitaha ya juu ukiwa umemshika mkono. Akasema, Baba, cha ndani ni kama pango. Tukavutana wiki mbili. Mkwe wangu akaingilia kati kwa adabu zake, nikamwambia basi angalau mfungeni mtoto njuga miguuni mjue yuko wapi, akacheka mpaka simu ikakatika. Baadaye akanunua kengele ndogo ya betri ya kubandika mlangoni, inayolia mlango ukifunguliwa. Ndiyo njuga ya Texas.

Walikwenda na roshani yao. Binti ni wangu, lakini pesa ni zao. Ila alinipigia kutoka chumbani kabla meli haijang'oa nanga, nikazungumza na stuwadi wao mwenyewe, kijana wa Indonesia. Nilipomtajia sitaha nilizofanya kazi akaniita mzee. Viti vilitoka dakika ile ile. Komeo la juu alilionyesha kwa simu, akalifunga, akalifungua, akalifunga tena.

Ninachoomba kwenu si kikubwa. Picha ya namna ile msiichapishe tena, hata kama ni nzuri, hata kama mpigaji ameitoa bure. Msomaji mmoja tu akiitazama akasema nasi tutapiga hivi, inatosha. Na kama ukurasa wa safari una upungufu wa picha, ninayo moja, binti yangu aliniletea siku ya pili ya safari yao. Roshani tupu, haina kiti wala meza. Mkeka umetandikwa sakafuni, ule wa Lamu niliowapa siku ya harusi. Mjukuu kalala kifudifudi juu yake, pua kaibana kwenye kioo cha ukingo, anatazama povu, na mkono wa baba yake umemshika kifundo cha mguu. Uso wa mtoto hauonekani, na mwanga si mzuri. Nitaituma mkiihitaji.

Stuwadi mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa